Kiti cha Mapokezi

Jumatatu, 4 Machi
Hatimaye! Kiti cha mapokezi hapa hotelini kiko wazi. Feni juu, simu mbele, hakuna mvuke wa mashuka. Meneja ametangaza: atakayewaeleza wenzake vizuri tofauti ya vitenzi viwili vya Kiingereza, "hear" na "listen", ndiye atakayekikalia. Usaili Ijumaa. Tunaokigombea ni mimi wa chumba cha kufulia na mlinzi wa getini, tunayemwita Bwana Tai kwa sababu havui tai hata kwenye jua kali. Nimemwambia mke wangu aanze kujivuna.

Jumanne, 5 Machi
Nimechanganyikiwa. Sisi tunasema kusikia na kusikiliza, basi. Lakini Kiingereza hakiwezi kuwa chepesi hivyo, watu wanakilipia ada. Labda "hear" ni ya mabosi na "listen" ni ya sisi tunaotumwa. Au moja ni ya sikio la kulia. Jioni akapita shemeji, mdogo wa mke wangu, anayefagia ofisi ya meneja. Wakanong'onezana jikoni. Kisha mke wangu akaja kunieleza jambo refu lenye Alhamisi ndani yake. Nikaitikia ndiyo, ndiyo. Mtu akisoma haongeleshwi.

Jumatano, 6 Machi
Nimejibanza nyuma ya kibanda cha mlinzi. Bwana Tai anajizoeza kwa sauti! Anasema mbwa akibweka na wewe hata huna habari naye, hiyo ni "hear", sauti imejiingilia yenyewe. Ukitega sikio ujue anambwekea nani, hiyo ni "listen", na nyuma yake huja "to". Mjinga, kanipa yote bure. Nimebadilisha mbwa nikaweka bomba linalovuja. Nikiwa mbele ya kioo, mke wangu akarudia habari za Alhamisi, polepole, kama anamsemesha mtoto. Nikamwambia nimesikia.

Alhamisi, 7 Machi
Wenzangu wote wameitwa ghorofani asubuhi. Bora, nimeihutubia mashine ya kufulia bila kukatizwa. Makofi mengi huko juu. Labda kuna anayestaafu.

Ijumaa, 8 Machi
Nimevaa suti ya harusi yangu. Bwana Tai yuko kwenye kiti, feni inampepea. Meneja akaniuliza jana nilikuwa wapi, maana usaili uliwahishwa siku moja na shemeji aliagizwa aniambie. Nimelia nyuma ya mashine. Nilikitaka kile kiti jamani. Familia nzima, na hakuna hata mmoja wa kunidokeza!

Jumamosi, 9 Machi
Nimemweleza mke wangu tofauti yote, bomba, "to" na kila kitu. Akasema nimeeleza vizuri sana, akanitazama muda mrefu. Kisha akasema meneja amenihurumia, kuna kiti cha zamu ya jioni, ila ni lazima niende… Hapo nikapata njama safi ya kumng'oa Bwana Tai, nikakimbilia kuiandika isinitoroke. Bado anaongea. Ni Jumatatu, au Jumatano, na kuna kitu nisisahau kubeba. Nimemwitikia.