Baraza la Vigoda Vitatu

Ghalib Mahfudh hakuwahi kufanya kazi, lakini kila jioni alirudi nyumbani amechoka. Alikuwa mtu wa Bofu, Likoni, mwenye shati jeupe lililonyooshwa pasi hata siku ambayo tumboni hamna kitu, na ulimi ambao ungeweza kumuuzia mtu viatu vyake mwenyewe akashukuru. Kabla ya mambo haya aliwahi kuwapangisha wageni nyumba za watu waliosafiri, na mara moja alipokea michango ya arusi ambayo bwana arusi hakuwa na habari nayo. Wenyeji wa mtaa walimwita mheshimiwa. Mtaa wetu haujawahi kuwa bahili wa vyeo.

Asubuhi moja alikuwa kwenye mgahawa wa mbaazi na mahamri karibu na soko la Likoni, anakula polepole huku akingoja atokee mtu wa kumlipia. Meza ya pili alikaa msichana wa Kizungu, kijasho kinamtiririka, anamhoji mwenye mgahawa kwa Kiswahili kilichonyooka kama rula.

"Samahani sana, mama. Je, hapa Likoni wapo watu wanaoamua migogoro kwa kufuata sheria za asili zisizoandikwa?"

"Yuko chifu," akajibu mama, anapindua mahamri.

"Chifu ni serikali. Mimi natafuta isiyo ya serikali."

"Basi yuko mume wangu."

Msichana aliandika hilo. Ghalib, alipoona ameliandika, akajua kwamba Mungu amemkumbuka.

Jina la msichana lilikuwa Femke, mwanafunzi wa sheria kutoka Uholanzi, amekuja kusoma muhula mmoja katika chuo kimoja kule kisiwani Mombasa. Na alikuwa amevunjika moyo. Alisafiri mwendo wote ule akakuta anafundishwa sheria za kampuni na za mikataba, zile zile alizoziacha kwao, tofauti ni joto tu. Wenzake walikwenda Brazili na Indonesia, nao kila wiki walimtumia picha wakiwa na wazee wenye manyoya kichwani. Wapo watu wanaofunga safari kuja kwetu kutazama wanyama. Femke alikuja kutazama sheria, na alitaka aione ikiwa porini, haijaguswa na mtu mwingine.

Ghalib akajifuta vidole, akainama kuelekea meza ya pili, na sauti akaishusha.

"Nani amekwambia habari za Vigoda Vitatu?"

Femke akashtuka. "Vigoda vitatu? Ni nini hivyo?"

"Basi. Sikusema kitu." Akaangalia mlangoni. "Kula chakula chako, dada."

Baada ya chai mbili, alizolipa Femke, Ghalib alikubali kwa shingo upande kueleza kidogo. Liko baraza la kale huku bara, halijulikani na wageni, wala vitabu havijalitaja. Huketi kila Alhamisi. Waamuzi wake ni watatu na kila mmoja ana kigoda chake. Mgeni haruhusiwi kuingia, isipokuwa aongozwe na mkalimani aliyekubalika, na kwa bahati mkalimani aliyekubalika alikuwa mmoja tu, naye ndiye huyu aliyekuwa akila mbaazi. Ada ipo, bila shaka. Ya waamuzi, si yake. Yeye angeona haya.

Femke alilipa ada ya mwanzo pale pale. Mtu ambaye angeuliza mara tatu kabla ya kununua nanasi alinunua mahakama nzima bila kuuliza hata swali moja. Hiyo ndiyo faida ya elimu ya juu.

Lililobaki lilikuwa jambo dogo, kulitafuta hilo baraza.

Ghalib alikwenda kwa Kombe, fundi wa tuktuk mwenye karakana ya mabati, akapewa banda la nyuma ambamo hamkuwa na kitu ila magurudumu makuukuu. Kombe mwenyewe akachukua kigoda kimoja, kwa kuwa banda ni lake. Kigoda cha pili akapewa mzee Kitsao, mnadi wa mitumba katika soko la Kongowea, mwenye sauti ya kuiuza suruali iliyotoboka kama urithi wa kifalme. Cha tatu kilihitaji mwanamke, maana Ghalib alimwona Femke anavyoyapenda mambo ya usawa. Akamwendea Bi Barke, mpambaji wa maharusi, ambaye tangu ujana wake hajawahi kukosa la kusema juu ya mtu yeyote.

"Shikamoo, Bi Barke."

"Marahaba. Wataka nini? Wewe salamu zako huwa si bure."

Akamweleza. Bi Barke akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mimi niketi nihukumu watu? Na hawa watu wanijua vyema?"

"Ndiyo maana, bibi."

"Na tutapikiwa nini?"

"Pilau. Ya nyama."

"Basi niletee hao wahalifu."

Kesi ya kwanza ilikuwa ya mbuzi. Kijana mmoja wa karakana alimshitaki mwenzake kwamba mbuzi wake amekula kanzu ya arusi. Ghalib ndiye aliyeitunga, na mbuzi alimwazima kwa jirani. Mzee Kitsao alisikiliza amefumba macho, halafu akanguruma, "Mbuzi huyu apewe onyo!"

Femke alikaribia kuangusha kalamu. "Samahani, mzee. Kwa hiyo mbuzi ni mtu mbele ya sheria?"

Kitsao hakupepesa. "Akila kanzu ya mtu, ndiyo."

Usiku ule Femke alimwandikia profesa wake kurasa nyingi, na profesa, mtu mzima mwenye mvi zake, akajibu kwamba jambo hili ni la thamani kubwa. Kwa hiyo usimcheke Femke peke yake.

Alhamisi zikafuatana. Ikaja kesi ya jogoo anayewika kabla ya adhana, ikaja ya mawifi wawili na pazia moja. Kila kesi ilikuwa na ada yake, na kila ada ilisimama mfukoni mwa mkalimani wala haikuendelea mbele. Ghalib akanunua pikipiki nyekundu. Nyama nazo zikapungua katika pilau ya waamuzi, kisha zikatoweka, kisha pilau yenyewe ikageuka wali kwa maharagwe.

"Hii ndiyo pilau?" aliuliza Bi Barke siku hiyo, akikoroga sahani kwa kidole.

"Bei zimepanda, bibi. Tuvumiliane, inshallah wiki ijayo."

"Na hiyo pikipiki, ilipanda na nani?"

Ghalib akacheka kwa adabu. Hakutambua kwamba waamuzi wake walikuwa wamebadilika. Kitsao siku hizi alitembea polepole, mikono nyuma. Kombe alianza kuwaambia watu wasimame baraza linapoingia. Majirani walikuwa wakija kutazama, na Alhamisi moja mwanamke mmoja akasimama kutoka kwa watazamaji, akasema yeye ana kesi ya kweli: maji ya paa la jirani yanamwagikia jikoni kwake. Waamuzi wakaisikiliza, wakaamua, na jirani akaweka mfereji siku ya pili yake. Ghalib aliposikia alicheka mpaka machozi. Watu wa Bofu ni wajinga kiasi gani, alijiambia, wanaamini hata uongo ambao hawakuuziwa!

Kisha Femke akamjia na tatizo.

"Profesa wangu ameuliza iwapo baraza lina mamlaka juu ya makosa mazito. Dhuluma. Utapeli, kwa mfano."

"Utapeli!" Ghalib akashika kifua. "Hapa kwetu hilo ni kosa baya sana. Njoo Alhamisi."

Angeweza kutunga kitu kipya, lakini alikuwa amenenepa kwa raha na akili imelala. Akachukua kisa alichokuwa nacho tayari. Mwaka mmoja kabla, alimuuzia mwanamke mmoja kibanda cha chakula pale karibu na stendi, kibanda ambacho hakikuwa chake; siku ya tatu mwenyewe akaja na kumtoa yule mwanamke nje, yeye na karai lake la mafuta ya moto. Kilikuwa kisa kizuri, kina mwanzo na mwisho. Akamwambia Bi Barke amtafutie mwanamke wa kumwigiza yule aliyedhulumiwa, awe anajua kulia.

"Yuko Caroline, muuza viazi vya karai," akasema Bi Barke. "Huyo ana machozi ya kutosha."

Caroline akaletwa. Ghalib alimtazama usoni, akamweleza la kusema, akamuonyesha kijana wa karakana atakayekuwa mshitakiwa. Hakumtambua. Alikuwa na kipaji cha kusahau nyuso za watu aliowala.

Siku hiyo banda lilijaa hadi nje. Caroline akasimama mbele ya vigoda vitatu. Hakulia. Alisema taratibu, mikono ameifumbata mbele.

"Alinambia kibanda ni cha ami yake marehemu. Alivua kofia aliposema marehemu. Nilimpa akiba yangu yote, na ya dada yangu. Siku niliyotolewa, mafuta yalimwagika yakanichoma mguu, na watu wakasimama wakanitazama. Nilipita kila ofisi. Kila mahali naambiwa leta jina kamili, leta ushahidi. Jina alilonipa lilikuwa la uongo."

Ghalib, akimtafsiria Femke baadhi ya maneno magumu, aliona mwanamke huyu anaigiza vizuri kupita malipo.

"Na mtu huyo yumo humu?" akauliza Kitsao.

Kijana wa karakana akakohoa, akasogea mbele, uso ameutia hatia.

"Huyo mwacheni," akasema Caroline. "Ni yule mwenye shati jeupe."

Ghalib akatabasamu. "Mama, umekosea. Mshitakiwa wako ni huyu hapa."

"Sikukosea. Siku ile ulikula viazi vyangu sahani mbili, ukasifu ukwaju. Ukasema una pilipili ya adabu."

Hapo Ghalib akakumbuka. Si uso, ukwaju. Kweli ulikuwa na pilipili ya adabu.

Femke alimvuta shati, macho yanang'aa. "Je, mkalimani naye anaweza kushitakiwa? Hili ni jambo kubwa sana!"

Ghalib akamwendea Kitsao mbiombio, akamnong'oneza, "Mzee, we! Si twaigiza hapa?"

Kitsao akainuka, akaifungua ile sauti yake ya Kongowea. "Mshitakiwa anasema hapa twaigiza! Asimame katikati, aseme kwa sauti, kila mtu amsikie, na mgeni naye aandike!"

Watu wote wakageuka. Femke akainua simu kurekodi.

Msomaji, mtazame mheshimiwa wetu. Akisema baraza ni la kweli, basi limemkamata. Akisema ni la uongo, itabidi aeleze ni nani aliyelibuni, na ada zimekwenda wapi, mbele ya mzungu mwenye simu na waamuzi waliokula maharagwe. Jasho lilimtoka, shati likamganda mgongoni. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Ghalib Mahfudh hakuwa na neno.

"Nimesema... nimesema baraza liendelee."

Waamuzi wakanong'onezana kidogo tu. Bi Barke ndiye aliyetoa hukumu.

"Umemla mja wa Mungu, ukamsahau hata uso. Pikipiki yako inadiwe sasa hivi, na chote kitakachopatikana apewe Caroline. Funguo zi wapi?"

Ghalib akazitoa mfukoni, akampa Kombe, aliyekuwa keshaisukuma pikipiki ndani. Kitsao akapanda juu ya gurudumu, na furaha iliyomjaa ilikuwa ya mtu aliyeunganisha kazi zake mbili. "Pikipiki nyekundu, jamani! Changa kama bibi arusi! Nani aanza?"

Mtu akaanza chini sana, kwa dharau. Mwingine akauliza kama injini ni nzima.

"Nzima?" Ghalib akadakia kabla hajajizuia. "Haijawahi kufunguliwa! Sikilizeni mngurumo wake! Wallahi, hamtapata nyingine kama hii Mombasa nzima!"

Hakuweza kujisaidia. Tapeli akiona kitu kinauzwa lazima akisifu, hata kama ni chake na hatapata hata senti. Kila alipoisifu bei ilipanda, na ilipouzwa watu walimpigia makofi. Caroline alipokea haki yake, akaifunga kwenye pindo la leso, akatoka bila kumtazama.

Siku mbili baadaye Ghalib alimkuta Femke pale mgahawani. Alikuja amekata shauri kulichoma baraza lote, hata kama yeye ataungua nalo.

"Sikiza, dada. Lile baraza ni la uongo. Nililibuni mimi. Vigoda nilivichukua kwa Kombe, na mbuzi ni wa kuazima."

"Najua," akasema Femke, anakoroga chai. "Nilimwona yule mbuzi wiki ya pili, kwa mwenyewe. Nilihuzunika sana, nikataka kuondoka. Kisha yule mama alileta kesi ya maji ya paa, nikakaa."

"Sasa?"

"Sheria zote zilibuniwa na mtu fulani, Ghalib. Hata za kwetu. Mimi nachunguza ni lini watu huanza kuzitii. Wewe ulitoa funguo." Akamtazama kwa upole wa mganga. "Wewe ni sura ya nne ya tasnifu yangu. Na ada, kuanzia sasa nitampa mzee Kitsao mwenyewe. Nimekuta kwamba hazikuwa zikimfikia."

Alhamisi iliyofuata Ghalib alikwenda karakana kwa miguu, hasira zimempanda hadi utosini. Akakuta mstari wa watu umetoka bandani umefika barabarani: wenye nyumba na wapangaji, mke na mume wasiotazamana, mwanamume mmoja amekumbatia bata. Ndani kulinukia pilau, na nyama ilikuwamo.

"Nimekuja kuwaambia," akapiga kelele kutoka mlangoni, "mmeniibia baraza langu!"

Kitsao akainua macho taratibu. "Hayo ni mashitaka au ni maneno tu?"

"Mashitaka!"

"Basi una kesi. Keti kule nyuma ya mwenye bata."

"Na mtakaoamua ni nyinyi wenyewe?"

"Kwani wajua baraza jingine?" akauliza Bi Barke.

Ghalib akafikiri. Polisi walikuwa na maswali yao juu ya mambo mengine. Kwa chifu kulikuwa na wale waliochangia arusi. Aliwaza mji mzima, kisiwani na bara, asipate mlango mmoja ambao angeubisha akiwa yeye ndiye mlalamikaji.

Akaenda nyuma, akaketi. Mwenye bata akamsogezea nafasi.

"Hawa hukawia?" Ghalib akamuuliza.

"Hukawia. Lakini huhukumu vizuri."

"Simameni!" Kombe akapaza sauti kutoka mbele.

Ghalib akasimama.