Neno Dogo la Injinia Tao

Jumatatu, 4 Novemba
Kambi ya Wachina wanaojenga barabara ya Kibondo inatafuta mwalimu wa Kiingereza. Baba mkwe, Mzee Twalibu, ametamka mbele ya mke wangu: nisipopata kazi wiki hii, nahamia kijijini kwake Heru Juu kumlimia mihogo. Mimi! Mtu wa kidato cha nne! Na yule Niyonzima wa jirani naye kaomba. Tutajaribiwa wote wawili, kila mtu afundishe neno lake. Nimechagua “little”. Udogo tu. Nitaumaliza kabla ya chai.

Jumanne, 5 Novemba
Laana! Injinia Tao, mkubwa wao, ana maswali kuliko polisi. Kwa nini “little brother” ni mdogo wake hata akiwa na kitambi? Kwa nini “little water” maji karibu hakuna, lakini “a little water” maji yapo? Herufi moja tu imeongezwa, maji yakapatikana! Nikasema ni muda wa mapumziko. Niyonzima alikuwa dirishani, anacheka meno yote nje. Mshenzi.

Jumatano, 6 Novemba
Njia imepatikana. Nimemfundisha Tao desturi yetu: cha kwako usikikuze. Mgeni anawekewa mlima wa ugali, anaambiwa karibu chakula kidogo. Basi “little” itangulie kila ulicho nacho, ndiyo adabu. Tao kafurahi mno. Eti kwao pia mwenyeji hujaza meza, halafu anaomba radhi kwamba hakuna chakula. Niyonzima kanuna. Anune hadi apasuke!

Alhamisi, 7 Novemba
Wakubwa wa serikali walikuja kukagua barabara. Tao akainama kwa heshima, akatangaza kwa Kiingereza kwamba barabara yake ni “little”, ina saruji “little”, na mafundi wake wana akili “little”. Wakubwa wakaamuru lami ichimbuliwe, waione hiyo saruji. Tao akanigeukia mbele za watu, kwa Kiswahili chake.
“Mwalimu, nenda. Nenda kabisa.”
Kazi kapewa Niyonzima! Nina hasira hata chakula hakipiti. Kosa ni la wale wakubwa. Hawana adabu!

Ijumaa, 8 Novemba
Mzee Twalibu kaja na jembe begani. Nilikuwa tayari kugoma, potelea mbali ukwe. Akaniambia kwa upole, “Mkwe wangu, ni kashamba kadogo tu.”
Hasira zikaniishia. Kadogo! Asubuhi nakamaliza, mchana niko kambini. Tao bado hajafundishwa neno “big”.