Bastola Ndogo kwa Shamba la Tonton Kabeya

Laeken, Brussels, Jumatano jioni

Kwa Mheshimiwa Tonton Kabeya,
Mjomba wa Graciella na mwenye neno la mwisho katika familia yake,
Woluwe-Saint-Lambert, ghorofa ya tatu.

Kuhusu: bastola.

Tonton mpendwa na mheshimiwa,

Pokea salamu za mtu anayetaka kuwa mkwe wako, na ambaye mpaka sasa mambo yake yanakwenda vizuri isipokuwa jambo moja. Mimi ni Anaclet, yule kijana wa Kivu uliyemkaribisha kwako Jumapili, ukampa kiti kizuri, ukampa chai ya tangawizi, halafu ukampa orodha ya mahari.

Orodha niliipokea kwa mikono miwili. Mbuzi nimewakubali. Vitenge vya Maman Yolande, mama yake Graciella, nimevikubali pia, hata kile cha rangi ambayo nadhani bado haijatengenezwa. Blanketi la bibi, koti la babu, chumvi, yote sawa. Lakini chini kabisa, kwa mwandiko wako mwenyewe, umeongeza "bastola ndogo, kaliba 22, ya kazi za shamba," na ukaipigia mstari. Ulisema bila hiyo hutatoa baraka. Na Graciella ameniambia wazi kwamba bila baraka yako haingii kanisani, kwa sababu wewe ndiye uliyemlea tangu baba yake alipofariki. Simlaumu. Ila maana yake ni kwamba nikishindwa kukushawishi kwa barua hii, nimemkosa mwanamke ninayempenda, na kwa hiyo naomba uisome ukiwa umekwisha kula.

Najua kwamba kwenu mjomba hupewa bunduki. Ni jambo la heshima na sina neno nalo. Najua pia kwa nini bunduki imegeuka bastola, maana ulitueleza mbele ya watu wote: "Fusil iko muzito, bega inaniuma. Miye nitaenda kubakia kule ku shamba peke yangu. Bon, bastola, c'est tout, ni hiyo tu." Wakubwa walitikisa vichwa kukubali na mimi nikatikisa, kwa adabu. Lakini Tonton, mimi nimezaliwa shambani, milimani kule Lubero, na jirani yetu, marehemu Papa Onésime, alikuwa na bastola ya namna hiyo hiyo, aliyoachiwa na mzungu mmoja wa kahawa. Miaka yote ya utoto wangu niliitazama ikifanya kazi. Kwa hiyo naandika kama shahidi, na malalamiko yangu nimeyapa namba ili usipotee njiani.

1. Kuhusu nyoka. Ulisema shambani kwako kule nyumbani, nyuma ya mji wa Likasi, kuna nyoka, na bastola itawamaliza. Papa Onésime naye aliamini hivyo. Siku moja nyoka aliingia jikoni kwake, akajikunja karibu na mafiga. Papa Onésime alimwondoa mkewe, akawaondoa watoto, akapiga magoti, akafumba jicho moja, akapiga. Risasi ilipita katikati ya sufuria la maharage. Nyoka aliangalia pande zote mbili, akatoka kwa mlango, bila haraka. Mama wa nyumba akamfuata na jembe na mambo yakaisha nje. Sikatai kwamba kulikuwa na faida: lile sufuria lilipandwa vitunguu, na kwa kuwa lilikuwa na tundu chini, maji hayakutuama, vitunguu vikastawi sana. Lakini hiyo ni njia ndefu ya kupata vitunguu.

2. Kuhusu nguruwe mwitu na nyani. Tonton, nguruwe mwitu akipigwa risasi ndogo hafi. Anachukia. Anaona amedharauliwa, anarudi na jamaa zake, na shamba ambalo wangekula nusu wanalilima lote. Nyani ndio wabaya zaidi kwa sababu wana akili. Bastola ilipolia mara ya kwanza walikimbia mpaka bonde la pili. Baadaye walikaa juu ya mawe wakisikiliza. Mwishoni, ikilia, walishuka kwenye mahindi, kwa kuwa walikwisha kujua kwamba mzee anapopiga hufumba macho yote. Mama yangu alikuwa akiwafukuza kwa kupiga debe, na hakuna nyani hata mmoja aliyewahi kulizoea lile debe.

3. Ili nisionekane mtu mwenye chuki na bastola, nitaje na manufaa yake. Iliita watu kula. Papa Onésime alipiga moja hewani saa ya chakula na wafanyakazi wote walikuja, wengine kutoka mashamba ya watu. Ilizuia karatasi zisipeperuke. Ilinyamazisha mikutano ya ukoo, ingawa baadaye hakuna aliyekumbuka walikuwa wakibishania nini. Na ilimpa heshima kwenye harusi, alihudumiwa nyama kabla ya wengine. Hasara yake ni kwamba iliivuta suruali upande mmoja. Nimemfahamu yule mzee mpaka kufa kwake na sikumbuki siku hata moja nilipomwona akitembea bila kushika mkanda. Wewe, Tonton, ni mtu unayevaa vizuri, kila mtu Brussels anajua hivyo, na naomba jambo hili ulitafakari peke yako mbele ya kioo.

4. Kuhusu sheria za hapa. Usidhani nimekaa tu. Jumatatu asubuhi nilikwenda ofisi ya vibali vya silaha, kwenye dirisha linalohusika, nikapanga foleni, nikamwambia mama mmoja mpole sana kwamba naomba kibali cha bastola. Akaniuliza ni ya mchezo gani. Nikamwambia si ya mchezo, ni ya ndoa. Alivua miwani. Nikamweleza vizuri kwamba simpigi mtu, nampa mjomba wa mchumba wangu, ni desturi. Akaniuliza kama mchumba mwenyewe amekubali kwa hiari. Tulikaa pale muda mrefu, Tonton, mpaka watu nyuma yangu wakahamia dirisha lingine. Mwishowe alinionyesha sababu zinazokubaliwa kisheria, tukazipitia pamoja kwa moyo safi, na mjomba hayumo. Aliniambia "bon courage," yaani nijipe moyo, na nadhani alimaanisha.

5. Kuhusu wezi, ambao ndio shina la jambo lenyewe. Mwizi wa shambani si mtu wa kutoka mbali. Ni mtoto wa jirani, na ukimpiga utalazimika kukaa matanga yake, tena kwenye viti ulivyoazima kwa baba yake. Lakini tuseme humpigi, unamtisha tu. Basi habari itaenea kwamba Tonton Kabeya ana bastola. Tangu hapo wezi hawaji tena kwa ajili ya mbuzi, wanakuja kwa ajili ya bastola, kwa kuwa ina bei kubwa kuliko mbuzi wote na hailii inapobebwa. Utahitaji mlinzi wa kuilinda. Mlinzi hawezi kulinda bastola kwa fimbo, itabidi apewe bastola yake, na hiyo nayo italindwa na nani? Utaajiri wa pili. Vijana wawili wenye silaha hawalimi, wanataka chakula, na mahindi yameliwa na nguruwe (tazama namba 2). Kwa hiyo wataweka kamba barabarani na kuwaomba wapita njia chochote kidogo. Sisi watu wa Kivu tumeona jinsi mambo haya yanavyoanza, Tonton. Ukiwa na kamba barabarani, una kizuizi. Ukiwa na kizuizi unahitaji jina refu la Kifaransa linalofupishwa kwa herufi tano, na msemaji wa kuongea na redio. Msimu wa mvua haujaisha utaalikwa kwenye mazungumzo ya amani katika hoteli yenye bwawa la kuogelea. Utakataa, watabembeleza, utakubali, utapewa cheo cha kanali. Na hapo ndipo ninapoumia mimi, kwa sababu Graciella atakuwa mpwa wa kanali, orodha ya mahari itaandikwa upya, na mtu wa hali yangu hatakubaliwa hata kunywa chai kwenu. Yaani bastola unayoniomba ili nimpate ndiyo itakayoninyima.

6. Kwa hiyo ninachopendekeza ni hiki, na nakiomba kwa unyenyekevu. Badala ya bastola nitatoa mbwa wawili, wakali kwa sura, wa huko huko Likasi, ili wajue lugha. Nitatoa mlango wa chuma wenye komeo mbili. Nitatoa firimbi ya refa, maana inasikika mbali kuliko kaliba 22 na haihitaji kibali. Na mimi mwenyewe, kila likizo ya Julai, nitakuja na Graciella kukaa nawe shambani, kulima upande wa mtoni unaousifu kila tukija. Nakumbuka kwamba ulisema "peke yangu." Neno hilo lilinikaa moyoni kuliko bastola yenyewe. Kwetu, usiku kukiwa na kelele nje, Papa Onésime alishika bastola yake na kubaki ndani akitetemeka. Aliyetoka alikuwa baba yangu, mikono mitupu, kwa sababu aliitwa kwa jina na jirani. Mtu wa shambani anahitaji mtu wa kuitika, na mimi niko tayari kuitika.

Haya ndiyo malalamiko yangu. Nayaweka miguuni pako nikitumaini kwamba utayasoma kama baba anavyosoma barua ya mtoto wake, yaani polepole na bila kalamu nyekundu.

Nisalimie Maman Yolande, na umwambie kile kitenge nakitafuta bado. Wasalimie wazee wote waliokuwepo Jumapili, hasa yule aliyelala. Salimia wale wa kwaya, salimia jirani yako wa ghorofa ya pili anayelalamikia maji yanayomdondokea kutoka kwenye lengalenga zako, zile mboga za barazani, na usalimie lengalenga zenyewe.

Ni mimi mkwe wako mtarajiwa, asiye na silaha,

Anaclet

Nakala: Maman Yolande, wazee wa pande zote mbili, padri wetu, kwa taarifa tu.

N.B., Ijumaa. Tonton, juzi nilikuwa nimekwisha kuikunja barua hii wakati Graciella alipofika kutoka kazini. Nikamwomba aisome, kwa sababu mimi ni mtu wa kupenda sifa. Kwenye sufuria alicheka. Kwenye kanali alicheka mpaka akakaa chini. Alipofika namba 6, pale penye upande wa mtoni, aliiweka barua mezani. Nikadhani nimekosea adabu mahali. Ndipo akanieleza.

Ameniambia kwamba shamba halipo. Kwamba tangu kiangazi cha mwaka jana wachimbaji walikuta madini chini ya mahindi, wakaingia kwa mamia, wakachimba mpaka mtoni, na mahali palipokuwa na nyumba sasa ni shimo refu, hata mtu akisimama chini humo huwezi kumtambua ukiwa juu. Kwamba Donat, mtunzaji wako wa kule, alikutumia picha, nawe ukamwomba asimwambie mtu. Yeye alimwambia Graciella tu, kwa sababu hakujua tena la kufanya, maana kila Jumamosi bado unampigia simu kumwuliza kama mahindi yameota. Na Donat anakujibu: "Yanaota muzuri, papa."

Basi malalamiko yangu yote sita nayafuta. Yalikuwa ya kweli, lakini yalihusu shamba lenye udongo, na mbwa na firimbi na mlango wa chuma havina pa kwenda. Bastola ndiyo peke yake yenye kazi, na ni mimi niliyechelewa kuelewa kazi yake. Mtu anayeletewa bastola ya shamba, basi ana shamba.

Nimekwisha kumpata mzee mmoja mkusanyaji wa vitu vya zamani, na anayo, kaliba 22 kamili, ndogo, mpini wa mti. Mtutu wake umezibwa kisheria na ina cheti kwamba haitapiga tena. Siku ya mahari nitaileta juu ya kitambaa cheupe na kuikabidhi kwako kwa mikono miwili, mbele ya watu wote, na nitasema kwa sauti kwamba ni ya shamba la Tonton Kabeya, nyuma ya Likasi. Nakala nilizotaja hapo juu nimezichana, hii imebaki moja tu, yako. Na watu wa upande wetu nimewaambia wasiulize njia ya kwenda huko, na mama yangu, ambaye huuliza kila kitu, ameapa.

Ila siku hiyo, Tonton, ukituambia kwamba mahindi yameota, usishangae mimi nikikuuliza yamefika magotini au kiunoni. Nitataka kujua.