Ngome Isiyoonwa Kabla ya Mwenyekiti

Ninayo heshima kuutangazia umma kwamba ziara ya Umoja wa Tuinuane, chama chetu sisi tunaoishi ughaibuni, tawi la Lewisham, kwenye pwani ya Scotland ilifana kupita matarajio.

Vivutio vilikuwa vitatu: monasteri ya kale, mnara wa taa, na magofu ya ngome ya Dunnottar, juu ya mwamba uliozungukwa na bahari. Kwa kuwa watu wetu wakiachiwa hutazama vitu ovyo ovyo, kamati ilipitisha azimio: hakuna mwanachama atakayeona kivutio kabla hakijaonwa rasmi na Mwenyekiti. Mwenyekiti ni mimi.

Viwili vya kwanza tulivimaliza salama. Wanachama walibaki ndani ya basi, mapazia yamefungwa, nikaona kwa niaba yao mpaka muda ukatuishia.

Ngomeni tulikuta jua linawaka. Lydia, muuguzi aliyebadilishana zamu tatu ili aje, akanifuata na mama yake, Mwalimu Truphosa. Mama huyo alifundisha historia kule nyumbani Vihiga miaka thelathini na moja, akichora ngome ubaoni bila kuiona hata moja.

"Chairman, mum anarudi nyumbani Monday," Lydia akasema. "Please, hii moja tu."

"Ombi limepokelewa. Liandike, umpe Katibu."

"Na mimi nikiiangalia sasa hivi, Mwenyekiti," mama akauliza, "itaisha?"

Utovu wa nidhamu! Nikawarudisha kwenye viti vyao, maana kamati ilikuwa na jambo zito. Katibu wangu, Naftali, alitaka waheshimiwa watambuliwe kabla ya hotuba. Mweka Hazina alitaka baada. Tukajikinga na upepo nyuma ya choo cha maegesho, tukajadiliana saa moja na dakika arobaini, tukawatambua hata waliotuma udhuru.

Kisha tukajipanga, mimi mbele na hotuba yangu ya kurasa tisa. Ukungu wa bahari ulikuwa umeshapanda. Ngome hakuna, bahari hakuna. Nikautazama ukungu rasmi, wajumbe wakapiga makofi. Nakiri niliumia sana.

Garini tulikuta kicheko, na viatu vyote vina matope. Kumbe tulipokuwa tukijadiliana, Mwalimu Truphosa aliteremka, na basi zima likamfuata. Alikuwa amezigusa kuta zile kwa mikono yake mwenyewe. Sasa alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja, Lydia amemshika bega.

Nikatangaza kwamba, kwa kuwa ngome haikuonwa rasmi, hakuna aliyeiona. Hakuna aliyegeuka.

Tatizo ni kwamba nimeshaahidi kuhutubia mkutano mkuu Peckham juu ya ngome hiyo, na picha nilizonazo ni za ukungu. Basi nikashika daftari, nikaelekea kiti cha mama kimyakimya. Naftali na Mweka Hazina walikuwa wameshafika, kalamu mkononi.

"Mwalimu," nikasema kwa adabu, "ilikuwaje huko ndani?"

Hakuniangalia.

"Panga foleni, Mwenyekiti. Wewe ni wa tatu."