Siku Niliyopanda Pikipiki Ndani ya Mtumbwi

Jamani, leo nimeadhirika. Tena mchana kweupe, mbele ya watu, mbele ya simu zao, na mbele ya mama mkwe wangu. Naandika haya kabla hamjasikia kwa mwingine, maana mwingine atatia chumvi. (Chumvi yenyewe bado ninayo masikioni.)

Mnajua kikosi chetu cha mbio za pikipiki za porini. Kinaitwa Tafi, kwa yule samaki mdogo mwenye miba. Tuliona jina linatisha. Tuko watatu: mimi Athumani, fundi wa mashine za boti, Famau, mvuvi wa kamba, na Bakari, mwoka mikate. Pikipiki zetu ni hizi hizi za kubebea abiria na magunia. Tumezivua taa, vioo na adabu.

Msimu huu mbio zilikuwa nne, na kanuni ni moja: kikosi hakihesabiwi mpaka wote watatu wafike kabla ya adhana ya alasiri. Akikosa mmoja, ni kama hamkutoka nyumbani. Mbio za kwanza Famau aliishiwa petroli. Za pili ngamia alilala njiani, na Bakari, kwa heshima zake, akamngoja aamke. Za tatu mnyororo wangu ulikatika mbele ya shule na watoto wakaniimbia. Leo ndiyo zilikuwa za mwisho. Tulitaka kitu kimoja tu: tuhesabiwe, hata mara moja!

Tena juzi mama mkwe, Bi Mwanaesha, aliniuliza mbele ya mke wangu: "Athumani, hizo mbio zenu, kuna siku mmefika?" Nikamjibu: "Mama, safari hii utasikia habari zetu." (Amezisikia.)

Asubuhi nikawaita wenzangu pembeni. Mimi ndiye nahodha, na nahodha lazima awe na mpango. Njia ya leo ilitoka kusini mwa Kismayo, ikapita vichakani na kwenye vilima vya mchanga, halafu ikauzunguka mkono wa bahari mpaka kijijini, ng'ambo. Kuna vituo vitatu, na kila kituo unapakwa rangi mkononi. Ukishapata rangi tatu, pita utakapo. Kuuzunguka ule mkono wa bahari ni mchanga wa kuua mtu. Lakini maji yakipwa, katikati panakuwa pakavu, unakata moja kwa moja.

"Nimehesabu mwezi," nikawaambia. "Leo mwezi una siku kumi na tisa. Pale ni pakavu mpaka saa nane na nusu."

Bakari akasema, "Mimi nitafuata vibendera vya njia."

"Wewe ni Mbajuni kweli?" nikamuuliza. "Vibendera ni vya watu wa bara. Sisi tunayajua maji tangu tumboni!"

"Mimi nayajua ya kukandia unga," akasema Bakari. Famau naye akamfuata. Nikawasikitikia.

Mbio zikaanza. Kituo cha kwanza salama. Cha pili niliingia kwenye mti wa miba, nikatoka na nusu ya mti. Kituo cha tatu nikafika wa mwisho, saa nane kamili. Wenzangu walishapita zamani kwa njia ya mchanga. Sikujali. Nikaiacha njia yao, nikateremka pwani huku naimba.

Mbele palikuwa panang'aa kidogo. Nikasema hicho ni kidimbwi. Nikaingia. Kidimbwi hakikwisha. Maji yakafika kwenye ekseli. Nikasema hiki ni kidimbwi kikubwa. Yakafika kwenye injini. Gurudumu la nyuma likazama topeni, pikipiki ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. (Fundi wa mashine za baharini, mashine yake imezimika baharini. Endeleeni, chekeni, hapa bado ni bure.)

Nikashuka, nikasukuma. Mguu ukazama, ukarudi bila kiatu. Maji yanakuja, wala hayana haraka, yanajua siendi popote. Mwisho nikapanda juu ya pikipiki, nikakaa. Ningefanya nini? Nilitazama ng'ambo, nikaona watu wamejaa kwenye mstari wa mwisho, na nikajua Famau na Bakari wamesimama pale wananingoja mimi, nahodha wao. Hapo roho iliniuma kwelikweli.

Ndipo nikasikia sauti za wanawake. Ni wachuma chaza, wanne, wanarudi na mtumbwi wao mpana wa kubebea kuni. Wao walianza kuondoka maji yalipogeuka, kama watu wenye akili.

"Yule ni mchu au ni kichu?" mmoja akauliza kwa Kibajuni, yaani mtu au kitu.

"Ni mchu. Amekaa juu ya kichu."

Sauti ya pili niliijua. Jamani, kati ya wanawake wote wa pwani hii, mama mkwe! Nikateremsha kioo cha kofia ngumu haraka, nikaukaza mgongo, nikatazama upeo wa bahari kama mtu aliyekuja kwa makusudi.

Mtumbwi ukasimama kando yangu.

"Salamu alaikum," akasema.

Nikajibu kwa sauti nzito ya kuazima: "Waalaikum salamu, Mama."

"Fungua hiyo kofia upumue, Athumani. Jezi hiyo nimeianua mwenyewe juzi, kwenye kamba ya mwanangu."

Sikuifungua. Nilikuwa nalia kidogo kwa ndani.

"Leo mwezi ngapi?" akaniuliza.

"Kumi na tisa, Mama."

"Nani kakwambia?"

"Shangazi. Hutuma tarehe ya mwezi kwenye simu kila asubuhi, kwenye kundi la ukoo. Na picha ya mawaridi."

"Shangazi yako akaa wapi?"

"Mombasa."

Wanawake wakatazamana. Bi Mwanaesha akaegemea pondo lake la kusukumia mtumbwi. "Kwa shangazi yako mwezi uliandama siku moja kabla ya kwetu. Hapa leo ni kumi na nane. Na kila siku maji huchelewa karibu saa nzima. Saa hiyo moja ndiyo iliyo kiunoni mwako." Akaongeza, "Mchu wa kisiwa cha Chovae, wasoma maji ya Kismayo kwa mawaridi ya Mombasa?"

Walicheka mpaka mtumbwi ukataka kupinduka. Mmoja aliangusha kikapu.

Lakini mkwe ni mkwe. Akaniuliza, "Wenzako wamefika?" Nikamwambia wamefika, mimi ndiye ninayewaharibia. Hakucheka tena. Akakunja kanga yake, akasema, "Haya, inueni!" Wakaiinua pikipiki wao wanne na mimi, wakaiweka katikati ya mtumbwi juu ya chaza. Nafasi ya kukaa haikubaki.

"Panda juu yake," akaniamuru. "Shika usukani, usitikisike."

Basi ndivyo nilivyoingia kijijini, waungwana. Niko juu ya pikipiki, pikipiki iko ndani ya mtumbwi, kofia kichwani, kiatu kimoja, na mama mkwe wangu ananipeleka kwa pondo. Ufuo mzima uligeuka. Halafu simu zote zikainuka kwa pamoja.

Tulipogusa mchanga, fujo. (Walibishana kwa Kisomali, nawafasiria.) Jamaa wa kikosi kingine akapiga kelele: "Waryaa! Huyu amekuja kwa chombo! Mfuteni!" Abdi, msimamizi wetu mwenye filimbi, akaitoa karatasi ya kanuni. Kabla hajaisoma, Bi Mwanaesha alishasimama mbele yake na pondo mkononi.

"Kanuni yenu yasemaje?"

"Apate rangi tatu, Mama. Afike na pikipiki yake kabla ya adhana. Auvuke mstari bila kusukumwa na mtu."

"Mkono wake una rangi ngapi?"

"Tatu."

"Pikipiki ni ya nani?"

"Yake."

"Imeandikwa wapi kwamba mtumbwi hauruhusiwi?"

Abdi akaisoma karatasi. Akaigeuza nyuma. Nyuma hapakuwa na kitu.

"Sukuma, Athumani!" Famau akanipigia kelele kutoka juu. Mstari ulikuwa juu ya kilima cha mchanga. Nikasukuma. Pikipiki inatoa maji kila tundu, chaza mmoja amenasa kwenye spoku, mimi nina mguu mmoja mtupu. Bakari analia, "Bado kidogo! Bado kidogo!" Nilipobakiza hatua mbili, kipaza sauti cha msikiti kikafunguliwa. Mwadhini akakohoa. Yeye hukohoa kila siku kabla ya kuadhini, kila mtu anajua.

Nikajirusha. Mimi, pikipiki na chaza, sote tukaanguka upande wa pili wa mstari. Ndipo ikaja "Allahu Akbar."

Watu wote wakamgeukia Abdi. Akafikiri. Akasema, "Kikohozi si adhana. Kikosi cha Tafi kimefika."

Tumekuwa wa saba kati ya vikosi saba. Tumehesabiwa! Famau alinibeba mabegani, Bakari akaniangukia kifuani, na sioni haya kusema nililia. Bi Mwanaesha alikuwa anatafuta chaza wake chini ya pikipiki. Aliponipita akasema tu, "Sasa nimesikia habari zenu. Kesho mwezi uniulize mimi."

Ningekuwa na bahati, kisa kingeishia hapo. Lakini sasa hivi, jua halijazama, simu imelia. Kundi la ukoo. Shangazi wa Mombasa ameleta video: mtu mwenye kofia, juu ya pikipiki, ndani ya mtumbwi. Chini ameandika: "Nimeletewa hii. Eti ni mtu wa huko kwetu. Mnamjua?" Na mawaridi.

Jamani, mkiulizwa, semeni hamnijui. Uso umefunikwa, na jezi nimeshaifua. Ila siianiki ng'o!