Ndoa ya Mkate na Siagi

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta umeshiba. Kwangu hakukaliki tangu Jumapili ile ulipomruhusu huyo mnayemwita Shangazi Jiko aandike, ukurasa mzima, kwamba mke anayempa mumewe mkate na siagi asubuhi ameshamchoka, na kwamba hiyo si ndoa, ni "ndoa ya mkate na siagi".

Mimi nashona sare za shule. Mume wangu ni fundi wa makufuli. Alfajiri tunatoka wote wawili, na tangu tuoane nimempakia siagi mpaka ukingoni mwa mkate, akala amesimama, akaenda zake bila neno. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mume wangu si msomaji. Gazeti lako hulitumia kufutia grisi mikononi. Siku hiyo, kwa mkosi wangu, alilisoma kwanza. Akautazama mkate, akanitazama mimi, akasema, "Kumbe." Basi. Kuanzia kesho yake akawa anapitia kwa dada yake kunywa chai.

2. Nilimfuata huko kwa wifi nikayaone hayo mapenzi yanayopikwa. Nikamkuta bwana amekaa kitako, anakula mkate na siagi. Siagi yenyewe mabonge mabonge, kama lipu iliyopigwa na fundi mlevi. Nikamuuliza tofauti iko wapi. Akanijibu, "Huyu ni dada yangu. Sikumuoa anipende." Wifi akacheka mpaka chai ikampalia. Hoja ya namna hiyo, Ndugu Mhariri, mume wangu hawezi kuitunga mwenyewe. Ameitoa kwako.

3. Sasa limekuwa tusi la mtaa. Juzi mteja aliigeuza sketi ya bintiye nje ndani, akaniambia hakuja kutafuta kazi ya mkate na siagi. Pindo la sketi ile lilikuwa limenyooka kuliko safu za gazeti lako.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, Shangazi Jiko aletwe kwangu alfajiri na masufuria yake. Amenye viazi, akaange, apakue, mimi nikiwa kwenye cherehani, tuone mume wangu atamtazama kwa jicho la mapenzi au la usingizi. Akifaulu, amchukue moja kwa moja. Nitamfungia na soksi zake, na lile sanduku la makufuli mabovu lililo chini ya kitanda.

Nisalimie wote hapo ofisini, hata wapiga chapa. Msalimie na mkeo, na umuulize kwa niaba yangu anakupa nini asubuhi.

Ni mimi, msomaji wako kwa shingo upande,
Mshona Sare

Tanbihi: Kabla sijaifunga bahasha, mume wangu amerudi. Wifi amemchoka. Ameketi, ameomba mkate na siagi kwa sauti ya upole ambayo sijaisikia tangu uchumba wetu. Nimemwambia mke anayempenda mumewe hampi vitu vya namna hiyo, gazetini wamesema. Nimembandikia viazi, na moto nimeupunguza. Tafadhali mwambie Shangazi Jiko aendelee kuandika.