Safari ya Kumkuza Mume Wangu

Jumanne, 5 Agosti 2025

Siku ya ishirini na nne ya ndoa. Bado nikiamka nikamwona Brightson pembeni yangu nashangaa kwamba ni wangu. Dosari anayo moja tu. Kila jioni akitoka kiwandani Mikocheni anapitia kwa mama yake Mabibo, anakula, ndipo anakuja kwetu Kinondoni. Mabibo haiko njiani. Leo nimepika wali wa nazi na samaki. Kala vijiko viwili kwa heshima yangu, akashika tumbo. Nimelia kidogo jikoni, nikanawa uso. Nataka mume anayerudi nyumbani na njaa. Siombi zaidi.

Jirani yangu Najat anasema mumewe alikwenda Zanzibar siku nne, karudi anafua hadi mashuka. Eti safari inamkuza mtu. Nimekata shauri. Brightson akakue.

Alhamisi, 7 Agosti

Kesho Nane Nane, mapumziko marefu. Tunakwenda gesti Kigamboni. Mama mkwe nimemwambia tunakwenda Morogoro kwenye maonyesho ya wakulima, maana Kigamboni angetufuata na hotpoti. Akasema haya mwanangu, nendeni salama, mle vizuri. Brightson nimemwambia mama ana habari. Habari anazo.

Ijumaa, 8 Agosti

Kwenye pantoni kanishika mkono toka Magogoni hadi ng'ambo. Moyo ulinienda mbio kama siku ya posa. Jioni kala sahani nzima ya pilau niliyopika kwenye jiko la mwenye gesti. Akaomba nyongeza! Nilimtazama anavyotafuna nikasahau kula mwenyewe. Alitaka kumpigia mama yake, nikamwambia huku mtandao unasumbua. Anakua kwa kasi.

Jumamosi, 9 Agosti

Kakaa barazani kimya nusu saa. Nikajua ndiko kukua kwenyewe. Nikamuuliza anawaza nini. Anasema tangu baba yake afariki, mama hawezi kula peke yake. Asipopata mtu wa kukaa naye, anakunywa chai ya rangi, analala. Ndiyo maana anapitia Mabibo. Hakuniambia, aliogopa nimwite mtoto wa mama. Nikamkumbatia. Nikampenda upya. Nikawaza mama amekula nini tangu jana, na wali niliobandika jikoni ukaniungulia.

Jumapili, 10 Agosti

Msafiri harudi mikono mitupu. Nimenunua mkungu wa ndizi sokoni Kigamboni, mbichi, wa kupendeza, nikapanga maelezo ya Morogoro. Nikasahau jambo moja. Mama mkwe anauza ndizi soko la Mabibo mwaka wa kumi na tisa huu.

Tulipofika kwake nikampa shikamoo, nikampa mkungu. Kaugeuza. Kagusa pale ulipokatwa. Akasema ndizi hizi ni za Tukuyu, zimeshuka kwenye lori Jumatano, alama hii ya mkaa kaiweka kwa mkono wake, na aliyenunua ni Somoe, mteja wake wa Kigamboni.

"Ndizi zimetembea kuliko nyie, Marietha."

Brightson akaniangalia. Nilitamani sakafu inimeze. Nikasema yote, hadi ule wali wa vijiko viwili. Mama akavuta kisu, akaanza kumenya. Akasema angejua mke wa mwanawe anapika na kungoja, angemfukuza huyu mlangoni na njaa yake. Alidhani anapitia kwake kwa sababu mimi sipiki.

Tumekula ndizi zile sisi watatu, kwa nyama. Mama kala sahani mbili. Tumekubaliana Brightson atarudi moja kwa moja nyumbani, na mama akifunga biashara atakuja kula kwetu.

Jumatano, 13 Agosti

Siku ya tatu mama anakuja. Wanakula, wanataniana, sufuria inabaki tupu. Nimefurahi mpaka nasikia aibu. Brightson kaniomba kitu kimoja tu, nisidanganye tena. Nimeapa.

Leo tukiosha vyombo, mama kasema maisha yake yote hajasafiri kwa matembezi. Roho imeniuma. Nimemwambia Jumamosi tunakwenda Tanga, mimi na yeye tu, Brightson asijue. Brightson nimemwambia Jumamosi tunakwenda Tanga, mimi na yeye tu, mama asijue.

Watakutana kwenye basi. Nawaona watakavyokua.